Ng'ombe Mmoja, Ekari Mbili na Deni la Mtamba

Sisi ni akina mama kumi na wanne wa kikundi kimoja cha wafugaji, chini ya mlima Rungwe, mkoani Mbeya. Wote tumeolewa, isipokuwa wawili waliofiwa na waume zao, na wote ni wazazi. Kila mmoja wetu ana eneo dogo, wengi ekari mbili, mwenye bahati ana nne. Hapo hapo ndipo ilipo migomba, mahindi, maharage, kahawa kidogo, miti michache ya parachichi, na banda la ng'ombe mmoja au wawili. Tunalima bila mbolea ya dukani na bila dawa za viwandani za kunyunyizia mimea. Wataalamu wanakiita kilimo hai. Tulipoanza mwaka 1994 hatukulijua jina hilo. Hatukuwa na fedha, basi.

Akina mama wa rika letu watakumbuka miaka ile. Mikoa ya Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa ilikuwa ikilisha taifa mahindi, na mahindi hayo yalizoea mbolea ya chumvichumvi iliyouzwa kwa bei ya ruzuku. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 ruzuku ile ikapunguzwa msimu hadi msimu, na katikati ya miaka hiyo ikawa imekwisha. Mfuko ambao baba alikuwa akiununua kwa fedha ya debe chache za mahindi ukawa mali ya matajiri. Ruzuku ilikuja kurudi kuanzia mwaka 2003, kwa sura mbalimbali, lakini mtoto hangojei miaka kumi ndipo ale. Mahindi yetu yalitoka ya njano, membamba kama vidole vya mgonjwa.

Ndugu zetu wa Ismani, mkoani Iringa, walikuwa wamekwisha kuonja jambo hili kabla yetu. Ismani ilisifiwa sana kwa mahindi katika miaka ya 1950 na 1960. Watu walilima mahindi juu ya mahindi, mwaka hadi mwaka, bila kurudisha kitu ardhini, mpaka udongo ukachoka. Sisi huku Rungwe tulijiona salama kwa sababu mvua zetu ni nyingi na udongo wetu ni wa volkano. Lakini mvua nyingi kwenye mteremko huosha rutuba ikaenda mtoni.

Banda kwanza, ng'ombe baadaye

Tulipata mitamba yetu ya kwanza kwa utaratibu wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe. Unapewa mtamba mwenye mimba, na ndama jike wa kwanza atakayezaliwa unamtoa kwa familia nyingine iliyo kwenye orodha. Wazo hili lilitoka kwa mkulima mmoja Mkristo wa Marekani, Dan West, aliyekwenda Hispania wakati wa vita vyao vya miaka ya 1930 kugawa maziwa kwa watoto. Aliona kwamba kikombe kikinywewa kimekwisha, akafikiri ni heri kuwapa ng'ombe. Mitamba ya kwanza ilisafirishwa mwaka 1944. Kwetu Nyanda za Juu Kusini, wafugaji wa Iringa na Mbeya walisaidiwa pia na mradi wa ng'ombe wa maziwa uliofadhiliwa na Serikali ya Uswisi, ndiyo maana huku ng'ombe chotara wa Friesian na Ayrshire si kitu cha ajabu kwa mkulima mdogo.

Bwana mifugo hakutuonyesha ng'ombe hata mmoja mpaka alipoona banda na majani. Tulinung'unika sana. Ilitupasa kupanda nusu ekari ya mabingobingo na guatemala, kujenga banda lenye paa na sakafu ya mawe inayoteremka, hori la chakula, mahali pa maji, na chumba cha ndama. Miezi minane ya kazi, na maziwa hakuna! Leo tunamshukuru. Ng'ombe wa maziwa anakula zaidi ya kilo 50 za majani mabichi kwa siku na anaweza kunywa maji ndoo tatu au zaidi. Mama anayemleta ng'ombe nyumbani kabla ya majani amejiletea mzigo wa kuutwisha watoto wake.

Kosa la kwanza la karibu sote lilikuwa migomba. Huku kwetu migomba haina mwisho, na ng'ombe anapenda shina lake. Tukawa tunamkatia asubuhi na jioni, tumbo linajaa kama ngoma, lakini kiweleni hamna kitu. Shina la mgomba ni maji matupu, zaidi ya sehemu tisa katika kumi. Ni zuri wakati wa kiangazi kumpoza na kumnywesha, ila si chakula. Tulipochanganya guatemala na majani jamii ya mikunde kama desmodium na lukina, tukaongeza pumba za mahindi na mashudu ya alizeti yanayotoka upande wa Iringa, pamoja na jiwe la chumvi, ng'ombe wa lita nne alifika lita tisa. Hizo lita ishirini na tano zinazosemwa kwenye mikutano sisi hatujaziona, na hatumwamini sana anayezisema.

Mzunguko wa shamba

Ng'ombe mmoja aliyefungiwa bandani hutoa samadi kilo 20 hivi kwa siku. Kwa mwaka ni kama tani saba, bila kuhesabu mkojo, na mkojo ndio wenye utajiri ambao wengi wetu tulikuwa tukiuacha uteremke mpaka barabarani. Sasa tunamtandikia majani makavu na maganda ya maharage. Matandiko hufyonza mkojo, kisha kila asubuhi tunayakokota hadi kwenye shimo lenye kivuli na kuyafunika kwa majani ya migomba. Mbolea ikiachwa juani na mvuani hupoteza nguvu yake, ukaja kubeba ndoo za takataka tu. Baada ya miezi mitatu hivi inakuwa nyeusi, haina harufu, na unaweza kuishika kwa mkono.

Inakwenda wapi? Kwanza kwenye migomba, kwa sababu migomba iko karibu na banda na sisi hatuna mikokoteni. Pili kwenye mashimo ya mahindi, viganja viwili kila shimo. Tatu, na hapa ndipo wengi hushindwa, inarudi kwenye majani ya ng'ombe. Mabingobingo yakikatwa kila baada ya wiki sita hadi nane bila kulishwa hukonda kama yale mahindi ya Ismani. Mwenzetu mmoja aliyekuwa akivuna magunia matano ya mahindi kwa ekari alifika kumi na mawili katika msimu wa nne. Alipanda mistari ya guatemala kwenye makinga maji, maharage kati ya mahindi, na hakuchoma tena masalia ya shamba. Mume wake, aliyekuwa akiwaambia watu kuwa mkewe amegeuka mchungaji wa mavi, aliacha utani ule.

Wadudu hatuna dawa ya miujiza. Majivu, pilipili na mwarobaini husaidia kidogo. Tulipowatembelea akina mama wa Njombe, ambayo wakati huo ilikuwa bado mkoa wa Iringa, walituonyesha pareto, lile ua jeupe linalolimwa kwenye maeneo ya baridi na kusindikwa Mafinga. Kwao dawa inaota shambani! Walitusalimu kwa "kamwene", sisi tukajibu "ndaga", na hapo tukaanza kucheka na kufundishana. Baridi ya mwezi Juni na Julai huunguza majani yao, hivyo wakati wa neema hukata, hukausha, na kuyashindilia katika sanduku la mbao lisilo na kitako mpaka yanakuwa robota la kufungwa kwa kamba. Sisi tuliodhani kwamba Rungwe majani hayaishi tulirudi na vipimo vya lile sanduku kwenye karatasi. Tulijifunza pia kwamba mahali penye kiwanda maziwa hayatembei kutafuta mteja. Njombe walikuwa na kiwanda kilichojengwa kwa msaada wa shirika la CEFA la Italia, kilichotengeneza hadi jibini za Kiitalia, na Iringa mjini kuna kiwanda cha Asas.

Msiba wa mwaka 2008

Jambo hili tunalieleza kwa uchungu, lakini ni bora tulieleze. Mwaka 2007 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana viwango vya mazao ya kilimo hai, na alama ya Kilimohai ikaanza kutumika. Semina zikawa nyingi. Mwenzetu mmoja alirudi kutoka semina moja akiwa ameelewa kwamba ng'ombe wa kilimo hai hapewi dawa kabisa. Akaacha kumwogesha. Hakumwambia mtu, alitaka awe wa kwanza kati yetu kufuata kanuni zote.

Ng'ombe wetu hawatoki nje, na kwa hiyo kupe ni wachache. Lakini majani yalikatwa kando ya njia wanakopita ng'ombe wa kienyeji, na kupe wakaja ndani ya mzigo. Siku ya kwanza ng'ombe alikuwa na homa, akaacha kula. Siku ya pili matezi yaliyo chini ya masikio yalikuwa yamevimba kama mayai. Mwenzetu alimpa majani ya kuchemsha, akaomba. Siku ya nne alianza kupumua kwa shida na povu likatoka puani. Ndipo tulipoitwa. Bwana mifugo alipofika alisema ni ndigana kali, na kwamba sindano ingefaa siku ya kwanza au ya pili. Ng'ombe alikufa usiku ule akiwa na mimba ya miezi saba. Nyumba yenye watoto watano ilikaa bila maziwa na bila fedha ya karo.

Baadaye tuliuliza kwa watu wanaozijua kanuni hizo. Hakuna kanuni ya kilimo hai inayosema mnyama aachwe afe. Inasemwa kwanza zuia: banda safi, chakula cha kutosha, majani yasiyo na kupe, ng'ombe anayestahimili mazingira yenu. Akiugua, atibiwe hata kwa dawa ya kiwandani, na maziwa yake yasinywewe wala kuuzwa mpaka dawa iishe mwilini. Viwango vingi vya kilimo hai hutaka ungoje mara mbili ya siku zilizoandikwa kwenye chupa. Sasa sisi hukagua masikio, mkia na kiwele kila tunapokamua, majani tunayakata katika mashamba yetu wenyewe, na dawa ya kuogesha bado iko kabatini kwa kipindi cha kupe wengi. Hatuoni aibu. Kilimo kiwe hai, lakini na ng'ombe naye awe hai.

Tuseme ukweli mwingine pia. Maziwa yetu hayana cheti, na kituoni hununuliwa kwa bei ile ile ya maziwa ya jirani anayetumia kila dawa. Wanunuzi wa kahawa na parachichi ndio wanaouliza cheti. Faida yetu iko katika yale tusiyonunua.

Maziwa ya asubuhi na maziwa ya jioni

Tunakamua saa kumi na moja alfajiri na saa kumi jioni. Kiwele kinaoshwa kwa maji ya vuguvugu na kukaushwa kwa kitambaa safi, kila ng'ombe na kitambaa chake. Tone la kwanza la kila chuchu tunalikamulia kwenye kikombe cheusi tuone kama lina mabonge, maana mabonge ni dalili ya ugonjwa wa kiwele. Ndoo za plastiki tuliziacha baada ya maziwa ya watu watatu kukataliwa kwa uchachu katika wiki moja. Mikwaruzo ya plastiki huficha uchafu usiotoka kwa kuosha. Na ya kunywa nyumbani yachemshwe, mama, hata kama bibi anasema mabichi ndiyo yenye nguvu. Homa ya kutupa mimba na kifua kikuu hupita humo.

Ya asubuhi yanakwenda kituoni. Ya jioni yanabaki: ya watoto, ya chai, ya mgando, na lita moja au mbili za jirani anayelipa palepale. Ile fedha ya jioni ndiyo iliyonunua sabuni, daftari na chumvi katika nyumba zetu. Fedha ya kituo ilikuwa hadithi nyingine. Malipo yalitoka mwisho wa mwezi kwa jina lililoandikwa kwenye daftari, na mwaka 1994 majina yote kumi na manne yalikuwa ya waume zetu. Tuliona ni kawaida. Ng'ombe huku ni mahari, ni heshima ya mwanamume. Sisi tulikata majani, tulibeba maji, tuliamka usiku ng'ombe anapozaa, halafu tukaomba fedha ya nauli kama wageni.

Hatusemi waume wote ni wabaya. Wengi walileta fedha yote mezani. Lakini mama asiyejua ni lita ngapi zimelipwa hawezi kupanga chakula cha mwezi, wala kujua kama pumba zinalipa. Binti wa mwenzetu mmoja alikuwa akichelewa shule kila siku kwa ajili ya kukata majani, na tulipohesabu tukakuta kazi ile inapoteza fedha. Tangu hapo tukaweka sharti kwamba nyumba ambayo mtoto anakosa shule kwa sababu ya ng'ombe haipati mtamba.

Mtamba aliyeuzwa

Mwaka 1999 mtamba wa miezi kumi, aliyepaswa kutolewa kama deni, aliuzwa mnadani. Aliyemuuza ni shemeji yetu, mume wa mwenzetu. Alikuwa na karo ya binti aliyechaguliwa kuingia kidato cha kwanza na deni la msiba wa baba yake. Mkewe alitoka shambani akakuta kamba tu. Alinyamaza, na mwezi ule hakuja mkutanoni, wala uliofuata.

Aliyekuwa akingojea mtamba yule ni mjane. Banda lake lilikuwa tayari kwa miaka miwili, guatemala yake imepita kimo cha mtu. Kanuni ilisema anayeshindwa kulipa anyang'anywe ng'ombe mama. Tuligombana vibaya sana. Nusu yetu walisema kanuni ni kanuni, na kwamba watoto wa mjane nao wana matumbo. Nusu walisema tukimchukua ng'ombe tutakuwa tumewaadhibu watoto na mama ambaye hakuuza kitu, na baba ataendelea kukaa kilabuni kama kawaida. Mama mwenyekiti alilia mbele yetu.

Tulikwenda wanne, pamoja na mzee mmoja wa kanisa. Shemeji alitupokea vizuri, akatukaribisha ndizi. Tulipoeleza neno letu alisema, "Ng'ombe huyu analala kwenye ardhi yangu." Mzee alitazama chini. Ni mkubwa wetu kwa umri aliyemjibu, kwa upole: "Ni kweli, baba. Leo asubuhi amekula nini?" Shemeji akasema majani. "Majani gani? Yamekatwa wapi?" Hakujua. Alianza kucheka, sote tukacheka, kisha akanyamaza muda mrefu. Alisema kwamba aliona aibu kukopa kwa karo, na kwamba hakujua mtamba yule ameandikiwa mtu.

Hilo la mwisho lilikuwa kosa letu. Mkataba ulikuwa umesainiwa na mke peke yake, huku fedha zikiandikwa kwa jina la mume. Tuliugeuza. Mkataba husainiwa na wote wawili mbele ya kikundi, na malipo ya maziwa huandikwa kwa majina yote mawili, naye mama ndiye apokeaye. Wawili walikataa, wakajitoa, tukapokea wengine. Na kuhusu lile neno la ardhi, mwaka ule ule wa 1999 Bunge lilipitisha Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zinazompa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi. Tuliletewa nakala baadaye, tukasomewa na mwalimu wa shule ya msingi, na baadhi yetu waliandikisha mashamba pamoja na waume zao.

Mjane alipewa mtamba wa mwanachama mwingine ambaye hakuwa na deni tena. Deni la mwenzetu lilibaki. Ng'ombe wake akazaa dume. Akapandishwa tena, tukahesabu miezi tisa, akazaa dume! Watu walisema maneno. Yeye aliendelea kuja kwenye mikutano, akikaa karibu na mlango. Ndama jike alizaliwa mwaka 2002, usiku wa mvua, na shemeji mwenyewe ndiye aliyembeba hadi chumba cha ndama na kumnywesha dang'a kabla ya kupambazuka, kwa maana alikwisha kuambiwa kwamba ndama asiyepata dang'a katika saa zake za kwanza haponi vizuri.

Alipofikia umri, mtamba yule alitakiwa kwenda kwa mama mmoja kijana, ndiyo kwanza ana mtoto wa pili, umbali wa kilometa tatu. Tulikuwa tumepanga tumsindikize kwa nyimbo. Mvua ikanyesha, wengi tukachelewa. Tulipofika tulimkuta shemeji amekwisha kumleta kwa kamba, peke yake, amelowa hadi mifupani, amechuchumaa bandani akitazama sakafu. Alimwambia yule mama kwamba mteremko wa sakafu umeelekea upande usiofaa, mkojo utakusanyika kwenye malazi. Kesho yake alirudi na jembe na mawe, wakaivunja sakafu yote.